Moshi ukitolewa nje ya baa na kasino, nani hasa anapoteza?

Ijumaa usiku, Mtwapa, pwani ya Kenya. Mteja kainuka kaunta, pakiti ya sigara mkononi, bia yake imefika nusu. Hajapiga hatua ya pili, mhudumu kamwita: "Bosi, chupa yako unamwachia nani?" Jamaa akarudi, akaimaliza kwa mkupuo mmoja, ndipo akatoka kwenda kwenye kibanda cha wavutaji kilichobanwa nyuma ya vyoo. Mhudumu alikuwa na sababu mbili za kumwita. Moja ni "mchele", ile dawa ya usingizi ambayo wezi humtilia mtu aliyezubaa. Chupa isiyo na mwenyewe mezani ni kama mwaliko. Ya pili ni bili. Mtu anayetoka kuvuta mara tatu, mara ya nne huenda asirudi.

Ubishi ukaanza papo hapo pembeni yangu. Mmoja anasema hii sheria ya sigara ndiyo inayoua baa. Mwenzake anasema huko Ulaya wamekataza miaka na miaka na watu wanakunywa vilevile. Wa tatu, aliyewahi kufanya kazi kasino Nairobi, akatingisha kichwa: "Baa na kasino msizitie kapu moja." Wenzake hawakumsikiliza. Lakini yeye ndiye aliyekuwa ameshika mzizi wa jambo, kwa sababu ubishi huu kila ninapoukuta unakwama palepale: watu wanauliza swali moja kuhusu biashara mbili ambazo hazifanani.

Kwanza sheria yenyewe, maana wengi wanaizungumzia kwa kusikia tu. Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008. Haimkatazi mtu mzima kuvuta sigara. Inamkataza kuvuta mahali pa umma, kama ofisini, hospitalini, kwenye matatu, mkahawani na baa, isipokuwa katika sehemu iliyotengwa kwa kazi hiyo. Ukikamatwa unaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Duka lililo mlangoni mwa baa linauza pakiti bila kuvunja sheria. Tatizo linaanza ukiiwasha ukiwa umekaa ndani. Shisha ni kesi nyingine kabisa. Hiyo Kenya iliikataza yenyewe kama bidhaa, Desemba 2017, na tangu hapo marufuku yake imekuwa ikibishaniwa mahakamani. Kwa hiyo anayesema "sigara na shisha zote zimepigwa marufuku" amechanganya mambo mawili.

Duniani marufuku hizi ziko za aina tatu, na tofauti zao ndizo zinazoamua nani ataumia. Kuna marufuku kamili: ndani hapavutwi, na hakuna chumba cha pembeni. Uganda ilichukua njia hiyo kwa sheria yake ya 2015, ikaongeza kwamba hata nje mvutaji akae mita 50 kutoka mahali pa umma. Kuna marufuku yenye chumba, kama ya Kenya, ambapo mvutaji anatengewa kona yake. Halafu kuna marufuku yenye mwanya: kila mahali pamekatazwa isipokuwa biashara fulani iliyopigania kuachwa. Mara nyingi biashara hiyo ni kasino. Nevada, jimbo la Las Vegas, wapiga kura walipitisha sheria ya hewa safi mwaka 2006, lakini ukumbi wa kuchezea kamari ukaachwa nje. New Jersey nako sheria ya mwaka huohuo ilimlinda karibu kila mfanyakazi wa ndani, ikaziacha kasino za Atlantic City.

Sasa moshi. Mtu akivuta karibu yako, unavuta moshi wa aina mbili: ule anaoutoa kifuani na ule unaopanda wenyewe kutoka kwenye ncha inayoungua. Mimi huuita moshi wa mtumba, kwa kuwa unakufikia baada ya mwingine kuutumia, ila mtumba wa soko la Kongowea angalau unauchagua na kupatana bei. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi huu unaua zaidi ya watu milioni moja kila mwaka, watu ambao wao hawakuwasha kitu.

Hapa ndipo wenye baa huja na hoja ya kiyoyozi: "Sisi tuna AC, moshi hausumbui." Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani kinachukua hewa ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha chumbani. Moshi unapoa tu. Kutenga meza za wavutaji upande mmoja wa ukumbi hakusaidii sana pia. Aliyekulia nyumba ya vyumba viwili anajua: mama akikaanga papa chumba cha mbele, sare ya shule iliyotundikwa chumba cha nyuma itanuka papa. Mkuu wa huduma za afya za umma wa Marekani alitoa ripoti mwaka 2006 iliyosema hivyohivyo kwa lugha ya kitaalamu, kwamba kutenganisha watu na kuingiza hewa hakuondoi hatari, na kwamba hakuna kiwango cha moshi huo kinachoweza kuitwa salama. Jimbo la Delaware, lililofunga moshi kwenye baa na kasino Novemba 2002, lilipimwa hewa kabla na baada. Takriban sehemu tisa katika kumi za chembe laini zilizokuwa zikielea ukumbini zilitokana na sigara.

Niseme jambo moja kwa haki, maana tafiti nyingi zinazotajwa zimefanywa kwenye nchi za baridi, ndani ya vyumba vilivyofungwa madirisha. Baa ya makuti isiyo na kuta, upepo wa bahari ukipita katikati, si pub ya Dublin mwezi wa Januari. Moshi pale unaondoka upesi zaidi. Lakini kasino haijengwi kwa makuti. Kasino ni sanduku lililofungwa pande zote, Nairobi au Macau, na ndiyo maana suala la moshi ni zito zaidi huko kuliko kwenye bustani ya nyama choma.

Haya, je, baa zinakufa? Mfano unaotajwa kila mara ni Ireland, nchi ya kwanza kukataza uvutaji katika sehemu zote za kazi zilizofungwa, pub zikiwemo, kuanzia tarehe 29 Machi 2004. Watu walisema haitawezekana. Mtu wa Ireland aambiwe atoke pub na sigara yake, kwenye mvua? Walitoka. England ilifuata Julai 2007, na kweli baada ya hapo pub nyingi zilifungwa, nawe ukitaka kuamini ni sigara utaamini. Lakini angalia yaliyotokea pamoja na hayo. Mwaka 2008 uchumi wa dunia ulianguka. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilianza kupandisha kodi ya pombe kila mwaka kupita mfumuko wa bei. Na muda wote huo supamaketi zilikuwa zinauza bia kwa bei ambayo pub haiwezi kuifikia. Ukimpiga mtu ngumi, mwingine akamsukuma, na wa tatu akamtegea mguu, ukisema ameanguka kwa sababu ya ngumi hujadanganya, ila hujasema yote.

Kosa hilohilo hufanywa na wanaotetea marufuku. New York ilikataza sigara kwenye baa Machi 2003, na mwaka mmoja baadaye jiji likatangaza kwamba mapato ya kodi kutoka baa na mikahawa yamepanda kwa asilimia 8.7. Vizuri. Ila jiji lilikuwa linainuka kutoka kwenye majonzi na hasara za mashambulizi ya Septemba 2001, na biashara nyingi zingepanda hata watu wangeendelea kuvuta. Ninachokisoma kwenye takwimu za baa, nikiziangalia zote kwa pamoja, ni kwamba marufuku inayomgusa kila mtu haibadilishi sana mauzo. Mtu aliyekuja kunywa bia nne na rafiki zake atakunywa bia nne, awe anavutia ndani au nje. Baa inauza kinywaji na watu wa kukaa nao, na kuvutia nje hakuondoi chochote kati ya hivyo. Na wavutaji wenyewe si wengi kama wanavyoonekana usiku: utafiti wa kitaifa wa Kenya mwaka 2014 ulikuta watumiaji wa tumbaku ni asilimia 11.6 ya watu wazima, na ule wa Tanzania mwaka 2018 ulikuta asilimia 8.7.

Kasino ni kitu kingine, na yule jamaa wa tatu alikuwa sahihi.

Kasino inauza muda usiokatika. Fikiria matatu: inaingiza pesa ikiwa barabarani. Dereva akiegesha akanywe chai, nauli hakuna. Mashine ya kamari ndivyo ilivyo. Tuseme mchezaji anabonyeza mara 10 kwa dakika, shilingi 20 kila mara. Kwa saa moja zimepita shilingi 12,000, nyingi zikiwa ni zilezile zinazoenda na kurudi. Mashine ikiwa imepangwa kubakiza asilimia 5, kasino imepata shilingi 600. Sasa mchezaji huyo akitoka mara mbili kuvuta, dakika kumi kila mara, theluthi ya saa imepotea na shilingi 200 zimeenda nayo. Zidisha kwa mashine mia tatu, kwa usiku mmoja.

Na hasara haiishii kwenye dakika. Kasino nyingi hazina saa ukutani wala dirisha, kwa makusudi, ili mtu asijue kumekucha. Ukimtoa nje akavute, anaona taa za magari, anaona boda wamepanga foleni, simu inashika mtandao, kuna ujumbe wa mke. Baadhi yao hawarudi ndani.

Hilo ndilo lililoonekana Illinois. Jimbo hilo lilifunga moshi tarehe 1 Januari 2008, kasino zikiwemo. Wachumi wa tawi la St. Louis la Benki Kuu ya Marekani walipiga hesabu wakakuta mapato ya kasino za Illinois yameshuka kwa zaidi ya asilimia 20 mwaka ule, kama dola milioni 400, wakati majimbo jirani ambako watu waliendelea kuvuta kasino, yaani Indiana, Iowa na Missouri, hayakuanguka hivyo. Ndiyo sababu hawakuridhika kulaumu mtikisiko wa uchumi peke yake. Watafiti wengine waliohesabu watu wanaoingia mlangoni walisema wateja hawakukimbia. Makundi haya mawili yamebishana sana, na mimi naona yanaweza kuwa yote yako sahihi kwa sehemu kubwa: mtu anaweza kuja kama kawaida, ila akacheza muda mfupi.

Hata hapo usiharakishe. Mji wa East St. Louis, upande wa Illinois wa mto Mississippi, wakati huo ulikuwa na kasino iitwayo Casino Queen iliyotazamana na jiji la St. Louis, Missouri, ng'ambo ya pili. Desemba 2007, siku chache tu kabla ya marufuku, kasino mpya na kubwa, Lumière Place, ilifunguliwa upande wa Missouri. Mteja wa Casino Queen aliyevuka daraja Februari alivuka kwa ajili ya sigara, au kwa ajili ya mazulia mapya? Pengine vyote. Lakini funzo la mpaka liko wazi. Hasara ilikuwa kubwa kwa sababu kulikuwa na mahali pa kwenda. Mvutaji wa Illinois hakuacha kamari wala hakuacha sigara; alivuka mto. Anayejua biashara ya mafuta au sukari pale Namanga au Busia hahitaji kufafanuliwa zaidi: sheria ya upande mmoja wa mpaka inatajirisha upande wa pili.

Macau ndiyo inayonifurahisha zaidi, kwa sababu inamkosesha raha kila mwenye jibu la haraka. Ni mahali pekee nchini China penye kasino halali, na mapato yake yamekuwa mara kadhaa ya Las Vegas. Oktoba 2014 walikataza uvutaji kwenye kumbi za wachezaji wa kawaida. Mwaka 2015 mapato yakaporomoka kwa asilimia 34. Mwenye kasino angesema: si niliwaambia! Lakini kipindi hicho Rais Xi Jinping alikuwa katikati ya kampeni kali dhidi ya rushwa, na matajiri waliokuwa wakienda Macau kumwaga pesa walijificha. Kisha Januari 2018 sheria ikakazwa zaidi, ikabaki kuvutia kwenye vyumba maalumu tu, na vyumba vya matajiri vikapewa mwaka mmoja wa kujipanga. Mwaka huo wa 2018 mapato yakapanda kwa asilimia 14. Kwa mantiki ya kaunta ya Mtwapa, marufuku ya kwanza iliua kasino na ya pili ikaifufua. Ukweli ni kwamba mwaka wa kwanza siasa ilivuta chini na wa pili uchumi ulivuta juu, na sigara ilikuwa abiria tu katika magari yote mawili.

Vyumba hivyo vya Macau vina ujanja mmoja wa kuangalia: ndani yake hakuna meza wala mashine. Unavuta, unatoka. Mgawa karata haingii humo kikazi. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia mtu akiniambia wana "chumba cha wavutaji": je, kuna mfanyakazi anayelazimika kuingia humo kuhudumia?

Maana wanaosahauliwa kwenye ubishi wote huu ni wafanyakazi. Mteja anakaa saa mbili na anaweza kuhama meza. Mgawa karata wa Atlantic City amesimama mahali pamoja zamu nzima, na anayempulizia moshi yuko umbali wa mkono. Jiji lile lilijaribu kubana uvutaji kwenye robo ya ukumbi mwaka 2007, likakataza kabisa Oktoba 2008, kisha baada ya mwezi mmoja likarudi nyuma kwa hofu ya uchumi. Korona ilipokuja, kasino zilifunguliwa tena Julai 2020 bila sigara, na kwa mwaka mmoja wafanyakazi wakaonja hewa isiyo na moshi. Sigara ziliporudi Julai 2021, wao wakaunda kikundi cha kupinga. Aprili 2024 chama cha wafanyakazi cha UAW kiliishtaki New Jersey, hoja yao ikiwa kwamba sheria haiwezi kumlinda mhudumu wa mkahawa ikamwacha mgawa karata. Agosti mwaka huo jaji akaitupilia mbali kesi, nao wakakata rufaa.

Wenye kasino wanasema wateja watakimbilia jimbo jirani la Pennsylvania. Jibu gumu kwao ni kasino ya Parx, nje kidogo ya Philadelphia, ambayo baada ya korona iliamua yenyewe kutorudisha sigara, ilhali sheria ya jimbo lake inairuhusu. Imebaki miongoni mwa zinazoingiza pesa nyingi zaidi Pennsylvania. Park MGM ya Las Vegas nayo ilifungua tena Septemba 2020 bila moshi, ikaufanya kuwa tangazo. Sisemi kila kasino itafanikiwa hivyo. Ukiwa peke yako sokoni na hewa safi unawavuta wasiovuta kutoka kwa majirani wote, na faida hiyo ni ya wachache wa mwanzo.

Ukiniuliza, kinachoumiza biashara zaidi ni mwanya. Sheria ikimbana huyu na kumwachia yule wa ng'ambo ya barabara, mteja atavuka. Ikiwabana wote, hana pa kuvukia, anatoka nje dakika tano anarudi. Wenye biashara wangekuwa na haki zaidi ya kudai sheria isiwe na upendeleo kuliko kudai waachwe.

Afya nayo ina hesabu yake. Scotland ilikataza Machi 2006, na katika hospitali tisa zilizofuatiliwa, waliolazwa kwa mshtuko wa moyo na maradhi yanayofanana nao walipungua kwa asilimia 17. England, ambako sheria ilikuwa haijaanza, kipindi hicho walipungua kwa asilimia 4 tu.

Halafu ile hasara ya kasino. Tunaitamka kama vile pesa imeungua. Shilingi 200 za mchezaji wetu aliyetoka kuvuta ziko mfukoni mwake. Jimbo la Victoria nchini Australia lilipokataza sigara kwenye kumbi za mashine Septemba 2002, mapato ya mashine yalishuka, na wapo waliofurahi kwa sababu hiyohiyo: mtu aliyezama kwenye kamari alikuwa amepata sababu ya kuinuka kitini. Serikali inayotegemea kodi ya kamari haitafurahi. Mkewe atafurahi.

Usiku ule wa Mtwapa nilimuuliza mhudumu kama kibanda kimemsaidia. "Kiasi," akasema. Anasuka nywele kwa elfu mbili, na zamani wiki haiishi zimeshanuka kama jiko la kuni. Akanyanyua trei yenye bia tatu baridi na kisahani safi cha majivu. Nikamuuliza ni za meza gani. Akaonyesha kwa kidevu nyuma ya vyoo: wakikaa sana kule huagiza hukohuko, na zamu ya kibandani ni yake.